Usiende kumsikiliza Dante bila kumsoma

Vijana wanaokuja kusoma hapa Bologna huniuliza swali lile lile: hizi shughuli za fasihi zinazobandikwa kwenye kuta za Via Zamboni, mtaa wa chuo kikuu, mtu ambaye Kiitaliano chake bado ni cha kuombea maji ataambulia nini? Ataambulia mengi, mradi ajiandae kabla ya kuingia ukumbini.

Misimu mikubwa ni miwili. Machi 25 ni siku ya Dante, mshairi mkuu wa Italia wa zama za kati; siku hiyo iliwekwa na serikali ya Italia mwaka 2020. Oktoba ni Wiki ya Lugha ya Kiitaliano Duniani, ambayo imekuwapo tangu 2001 na huadhimishwa pia na taasisi za utamaduni za Italia nje ya nchi, kwa hiyo aliye Nairobi naye afuatilie. Utakuta mihadhara, uzinduzi wa vitabu, filamu. Ukiwa na jioni moja tu, nenda kwenye lectura Dantis, yaani usomaji wa Dante hadharani. Ni desturi kongwe: mwaka 1373 mji wa Firenze ulimlipa mwandishi Boccaccio awasomee watu Divina Commedia, utenzi mkuu wa Dante, kanisani na kuwafafanulia, naye aliendelea mpaka maradhi yakamkatiza. Hadi leo huchukuliwa wimbo mmoja kati ya 100 za utenzi huo, ukasomwa kwa sauti na kuelezwa.

Nasisitiza usomaji huu kwa sababu sisi tumekua na vina na mizani, na sikio hilo ni mtaji mkubwa kuliko unavyodhani. Mshororo wa Dante una mizani 11. Hesabu ule wa kwanza: Nel-mez-zo-del-cam-min-di-no-stra-vi-ta. Wa pili utakusumbua, “mi ritrovai per una selva oscura”, kwa sababu ukihesabu kila irabu kama tufanyavyo kwenye shairi letu, zitazidi. Wao huunganisha: “vai” ni mizani moja, na “a” ya “selva” humezwa na “o” ya “oscura”. Ukishalijua hilo, beti zinafunguka. Kila ubeti una mishororo mitatu, na kina cha mshororo wa kati ndicho kinachobeba ubeti unaofuata, mwanzo na mwisho wake. Hapo utamsikia msomaji akivutwa mbele hata maneno mengine yakikupita. Mimi hapo ndipo nilipompenda Dante, kabla sijamwelewa.

Basi wiki moja kabla, tazama tangazo ujue ni wimbo wa ngapi, kisha tafuta kitabu cha shule kilichotumika. Wanafunzi wa sekondari za Italia humsoma Dante, kwa hiyo matoleo yenye ufafanuzi wa Kiitaliano cha leo yamejaa kwenye maduka ya vitabu vya mitumba, kwa bei ya kawaida kabisa. Soma kwa sauti, chumbani, mara kadhaa.

Ukibahatika ukawa ni wimbo wa 31 wa Inferno, sehemu ya kwanza ya utenzi inayohusu jehanamu, usiende ukumbini moja kwa moja. Pitia kwanza mnara wa Garisenda, pale Via Zamboni inapoanzia. Dante anasema jitu Antaeus lilipoinama lilionekana kama Garisenda mtu akiutazama kutoka upande ulioinamia, wingu likipita juu yake. Tangu 2023 eneo la chini yake limefungwa kwa hofu kwamba umezidi kuinama, lakini hata nje ya uzio unaweza kuinua macho siku yenye mawingu. Wingu likija kinyume na mwinamo, mnara ndio unaoonekana kukuangukia. Hakuna profesa atakayekueleza mshororo ule vizuri kuliko shingo yako mwenyewe.

Mengine ni madogo. Shughuli za chuo kwa kawaida huchelewa robo saa, na hiyo ni desturi inayokubalika, lakini wewe wahi: kiingilio ni bure hadi viti vijae. Mwalimu mwite “professore” au “professoressa”, na tumia “Lei”, yaani “wewe” ya heshima, si “tu”, ambayo ni ya marafiki.

Wakati wa maswali usijilazimishe kutunga swali refu la kifalsafa. Taja namba ya mshororo, usome, kisha uulize kwa nini neno fulani limekaa pale. Sentensi mbili zinatosha, na mara nyingi utaona wenye vitabu ukumbini wakifunua kurasa kuutafuta.