Kabla Mumeo Hajaondoka, na Huo Ukuta Mweusi: Barua kwa Mwanangu

Mwanangu,

Assalaam aleikum. Ujumbe wako umefika, na babako ameusoma pia. Umeuliza mambo mawili: mumeo anaondoka na kikosi baada ya wiki tatu na atakaa miezi sita, uanze na lipi, na kwa nini ukuta wa chumba cha mtoto hapo kambini Catterick, Uingereza, umeota madoa meusi, ilhali Mombasa ndiko kwenye unyevu. Naanza na safari ya mumeo, maana hiyo ina siku za kuhesabu.

Nyumba ya jeshi, umeme, gesi na intaneti vyote viko kwa jina lake. Akiwa hapo huoni tatizo. Siku bili ikija na kosa naye yuko mbali, utapiga simu na kampuni itakataa kuzungumza nawe, kwa sababu taarifa za mteja hawampi mtu mwingine. Kwa hiyo kaeni jioni moja, yeye apigie kila kampuni, kisha akukabidhi simu wakuandike nawe kwenye akaunti. Wale wa matengenezo ya nyumba pia. Kama kuna jambo kubwa, mfano gari la kuuza, aandike hati ya kukupa mamlaka ya kutenda kwa niaba yake, aitie saini kabla hajabeba begi.

Kwenye daftari andika namba yake ya jeshi, jina kamili la kikosi, simu ya ofisa wa ustawi wa kikosi na namba ya BFPO, yaani posta ya jeshi. Ukimtumia kifurushi, andika namba hiyo bila jina la nchi wala mji. Ukitaja nchi, mzigo unaweza kuangukia posta ya kawaida, na tena umetangaza kikosi kiko wapi. Tarehe za kuondoka na kurudi usizitaje popote, hata kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Shangazi zako nitawaeleza mimi.

Sasa vya kwako mwenyewe. Akaunti ya eVisa, yaani kibali chako cha kuishi kilichoko mtandaoni, iwe na barua pepe yako na simu yako. Ukipata pasipoti mpya, iingize humo kabla ya kusafiri, la sivyo unaweza kukwama kwenye kaunta ya ndege hapa Mombasa na mtoto mgongoni. Namba ya National Insurance, ile ya kodi na bima ya jamii, iombe mtandaoni. Kazi unaweza kuanza kabla haijafika, mradi umethibitisha haki ya kufanya kazi. Jiandikishe kupiga kura. Mkenya anayeishi huko kihalali anaruhusiwa kwa kuwa tuko Jumuiya ya Madola, na kampuni za mikopo hutazama daftari la wapiga kura kujua kama kweli unaishi hapo. Jina lisipoonekana, hata mkataba wa simu unaweza kunyimwa.

Mumeo anatibiwa na madaktari wa jeshi. Wewe na mtoto kwa kawaida mko kwa daktari wa mtaa, wanayemwita GP. Jiandikisheni sasa mkiwa wazima. Hawapaswi kukukatalia kwa kukosa uthibitisho wa anwani. Beba kijitabu cha kliniki cha mtoto waone chanjo alizokwisha pata. Leseni yako ya Kenya inakufaa miezi 12 tu tangu uanze kuishi huko, na haibadilishwi kwa ya kwao: lazima mtihani wa nadharia, maswali 50 upate 43 pamoja na sehemu ya kutambua hatari kwenye video, kisha wa barabarani. Foleni ya huo wa barabarani ni ndefu, usingoje hadi miezi kumi na moja ipite.

Nije kwenye ukuta. Weka glasi ya maji ya barafu mezani hapa Mombasa, muda si muda inatoka jasho. Maji hayo hayakupenya kwenye glasi. Yalikuwa hewani, yakakutana na ubaridi. Nyumba yetu haitoi jasho kwa kuwa kuta zake zina joto kama hewa yenyewe, na madirisha yako wazi kutwa. Hapo kwenu ukuta wa nje ndio ile glasi. Mvuke wa chungu cha wali, wa bafu, wa nguo mbichi, hata pumzi zenu usiku, unazunguka ndani ya nyumba iliyofungwa hadi ukute mahali pa baridi kuliko pote: pembeni, nyuma ya kabati, chini ya dirisha. Hapo ndipo kuvu huota.

Basi kabati la mtoto livute sentimita 5 hadi 10 kutoka ukutani, hewa ipite. Chungu kifunikwe. Mkishaoga, mlango wa bafu ufungwe, na dirisha libaki wazi au feni iendelee kuzunguka dakika 20. Nguo usianike juu ya redieta, kile chuma cha ukutani cha kupasha nyumba joto; fuo moja ya mashine humwaga hewani zaidi ya lita moja ya maji. Asubuhi futa vioo na ukamue kitambaa kwenye sinki. Kisha fungua madirisha ya pande mbili kwa dakika 10, hata kukiwa na theluji. Najua utaona ni wazimu, lakini hewa ya baridi hubeba maji machache mno, na ikishapata joto ndani hunyonya unyevu wenu.

Kosa kubwa la mtu wa Pwani ni kuzima joto kutwa ili kubana pesa, halafu jioni kuliwasha kwa nguvu. Hewa inapata joto, ukuta unabaki baridi, na jasho linaongezeka. Weka nyuzi 18 bila kuzimazima.

Madoa yaliyopo, vaa glavu, fungua dirisha, paka dawa ya kuua kuvu, iache kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, ufute. Usiichanganye na sabuni yoyote nyingine ya kusafishia, mvuke wake huunguza mapafu. Usipake rangi juu ya kuvu hai. Doa likikua kila mvua inaponyesha, au unyevu ukipanda kutoka sakafuni, hilo si jasho, ni kasoro ya nyumba, na ni kazi ya wale wa matengenezo. Piga picha na rula pembeni, ripoti, andika namba ya ripoti na tarehe. Kama hamjamaliza siku 14 tangu mpewe funguo, kasoro zote ziandikwe sasa, hadi mkwaruzo wa mlango na doa la zulia, msije mkalipishwa siku ya kuhama.

Boila, ule mtambo wa kupasha maji na nyumba joto: sindano ya geji iwe kati ya 1 na 1.5 ikiwa haijawaka. Ikizima asubuhi ya barafu, mara nyingi ni lile bomba jembamba la plastiki la kutolea maji nje limeganda; limwagie maji vuguvugu, yasiwe yanayochemka. Na chetezo chako cha udi, mwanangu, usitie makaa humo ndani ya nyumba iliyofungwa. Hewa ya makaa haina harufu na inaua watu wakiwa usingizini. Nunua cha umeme, na king'ora cha hewa hiyo ukijaribu kila mwezi kwa kubonyeza kitufe.

Kuna mtu wetu anakuja huko. Nitampa bizari, iliki, mbuzi ya nazi na kanga mbili. Samli na nyama kavu sitatia, forodha yao hairuhusu. Baada ya wiki mbili nitumie picha ya ukuta ule ule, na rula mahali pale pale.

Mamako