Jibini la watoto siku ya ziara: achaneni na reneti

Dada, uliuliza kwa nini maziwa ya pakiti yaligoma kuganda na reneti (kimeng'enya cha kugandisha maziwa ya jibini), na watoto wa kundi lenu watengeneze nini kwa saa mbili. Maziwa hayo ya pakiti ni ya UHT, yaani yamepashwa moto mkali sana, hadi takriban 135°C. Protini zake zimeshabadilika, hivyo reneti haitoi bonge imara hata ukiongeza kipimo.

Tengenezeni jibini la ndimu, lisilohitaji reneti. Nunueni maziwa freshi, lita 2. Pasheni hadi 85–90°C mkikoroga mpaka chini ya sufuria, maana harufu ya kuungua haitoki tena. Zimeni moto, mimineni taratibu vijiko vikubwa 4 vya maji ya ndimu au siki nyeupe, mkoroge mara mbili tatu tu, kisha acheni dakika 10. Mkivuruga sana, mabonge yanakuwa chengachenga na kupotelea kwenye kitambaa. Maji yakibaki meupe badala ya kijani-njano, ongezeni kijiko kimoja cha ndimu. Chujeni kwa kitambaa cha pamba, tieni kijiko kidogo cha chumvi, fungeni, mkandamize kwa sufuria ya maji nusu saa.

Sufuria ya moto ishikwe na mtu mzima. Watoto wakamue ndimu na kusoma kipimajoto. Jibini hili haliyeyuki, kwa hiyo msiliwekee matumaini ya pizza. Likateni vipande mkaange.