Saa Tatu Nzima Bila Neno: Nimkubalie Dada?

SWALI: Mhariri, mimi ni mwalimu wa sekondari, mzaliwa wa Newala na mkazi wa Mtwara mjini. Likizo ijayo nitakwenda London kumsalimia dada yangu, naye anataka tukatazame dansi ya bale iitwayo Swan Lake katika ukumbi wa Royal Opera House, ila hatanunua tiketi mpaka nimpe jibu. Bale nimeiona kwa vipande vifupi tu kwenye simu. Ngoma ninayoijua ni ya kwetu, ambayo mtazamaji akinogewa huingia uwanjani akacheza au akamtuza mchezaji, kwa hiyo sijui nitakaaje kimya kwa saa tatu mbele ya watu wasiotamka hata neno moja. Mavazi yao pia yananitia haya. Nimkubalie, au nimwombe tutafute jambo jingine?
Mwalimu, Mtwara

JIBU: Mwalimu, mkubalie, lakini usimjibu leo. Tafuta kwanza rekodi ya sehemu ya pili ya Swan Lake, ambayo ndiyo ya mabata maji kando ya ziwa, uitazame dakika kumi bila kusogeza mbele. Ukiona macho yako yanaifuata miguu ya wale wasichana wanne wanaocheza wakiwa wameshikana mikono kwa kupishanisha, huku vichwa vyao vikigeuka kwa pamoja kana kwamba vimefungwa uzi mmoja, mwambie dada anunue. Ukijikuta dakika ya nne umeshaangalia saa, mweleze ukweli, kwa kuwa tiketi za pale si za bei ya kutupa na dada hatapenda kukaa karibu na mtu anayesinzia.

Hofu yako ya kutoelewa ina dawa nyepesi: isome hadithi kabla ya kwenda. Wenyeji wengi wa kumbi hizo huingia wakiijua tayari, na anayeingia bila kuijua hupoteza nusu ya kwanza akikisia nani ni nani. Kwa ufupi, binti aitwaye Odette amerogwa, mchana ni bata maji na usiku hurudi kuwa mtu, na uchawi huo utavunjwa tu na mwanamume atakayempenda kwa kiapo asichokisaliti. Mwanamfalme Siegfried anampenda. Katika sehemu ya tatu, hata hivyo, mchawi anamleta ikulu binti mwingine, Odile, anayefanana na Odette kwa sura, na mwanamfalme anadanganyika. Kwa kawaida mabinti hao wawili huchezwa na mtu mmoja, na raha kubwa ya usiku ule ni kuona mabega na shingo zilezile zilizokuwa na huzuni sasa zimejaa hila.

Maneno hayapo, lakini ishara zipo. Mikono ikizungushwa juu ya kichwa, mtu anasema "tucheze". Akigusa kidole cha pete, anazungumzia ndoa. Akiinua mkono na vidole viwili, anaapa. Kiapo hicho cha vidole viwili ndicho kinachomwangamiza mwanamfalme, kwa hiyo usiinamie begi lako wakati huo. Wewe uliyekulia Newala umeona midimu, wale wachezaji wa ngoma za Kimakonde, wakitoka na vinyago vyao bila mtu kukusomea maelezo, nawe ukaelewa nani anatisha na nani anachekesha.

Kuhusu mavazi, sikulaumu. Bale ilizaliwa katika kasri za Italia na kukuzwa Ufaransa, ambako mfalme Louis XIV, naye mwenyewe mchezaji, alianzisha chuo cha dansi mwaka 1661. Enzi hizo wanawake walicheza na magauni mazito yaliyoficha miguu. Katika karne ya 18 mchezaji Marie Camargo alipandisha pindo la sketi yake ili hatua zake za haraka zionekane, na suruali za kubana za wanaume zina sababu hiyohiyo. Mimi niliyazoea kabla ya mapumziko ya kwanza. Ikiwa dhamiri yako bado inakataa, hiyo ni sababu ya kutosha ya kutokwenda, na dada ataielewa.

Msinunue viti vya mbele. Huko utasikia viatu vikigonga sakafu, maana ncha zake ni tabaka za kitambaa na karatasi zilizokazwa kwa gundi, lakini hutaona jinsi kundi zima la mabata maji linavyojipanga na kujipangua. Juu ni nafuu na mistari inaonekana. Hakikisheni tu kwamba kiti hakina nguzo au ukingo unaoziba macho. Suti si lazima. Kuchelewa ni kosa, kwani anayechelewa anaweza kuzuiwa mlangoni mpaka mapumziko.

Ukiona haijakukolea, usijione mshamba. Watazamaji wa kwanza kabisa, Moscow mwaka 1877, nao hawakuisifu sana, na maonyesho mengi ya Swan Lake tunayoyaona leo yanafuata mpangilio mpya wa watunzi wa dansi Marius Petipa na Lev Ivanov wa mwaka 1895.

Lile la kukaa kimya ndilo gumu, na mimi mwenyewe lilinitesa. Subiri sehemu ya tatu, Odile anapozunguka mara 32 juu ya mguu mmoja. Wengine huhesabu, wengine hushindwa kusubiri, na makofi huanza kabla hajamaliza. Hapo nawe piga uwezavyo. Vigelegele tu ndivyo umwombe dada aviweke mpaka mtoke nje.