Kufufua Chevelle ya 1969: namna ya kugawa kazi kwa mafundi

Mtu anayetaka kufufua gari la zamani la Kimarekani kwa kawaida huuliza kwanza bei ya gari, kisha bei ya injini, na mwisho bei ya rangi. Maswali hayo ni ya lazima. Hata hivyo, baada ya kuipitisha Chevelle Malibu yangu ya mwaka 1969, gari la kampuni ya Chevrolet, mikononi mwa mafundi mbalimbali hapa Ohio, nimeona kwamba swali linaloamua kama gari litarudi barabarani ni jingine: nani anawajibika pale kazi inapotoka kwa fundi mmoja na kuingia kwa mwingine? Fundi bodi hodari, fundi injini hodari na mpiga rangi hodari wanaweza kwa pamoja kukukabidhi gari bovu, kila mmoja akiwa na hakika kuwa kosa ni la mwenzake. Kwa hiyo ushauri wangu mwingi unahusu mipaka kati ya karakana na karakana, kwa sababu huko ndiko fedha hupotelea.

Chevelle ni ya kundi la magari ya misuli, kama Wamarekani wanavyoyaita: ni magari ya umbo la wastani, mengi yakiwa ya milango miwili, yaliyofungwa injini zilizokusudiwa magari makubwa zaidi. Wengi huhesabu kuwa yalianza na Pontiac GTO ya 1964, iliyopewa injini ya inchi za ujazo 389, yaani takriban lita 6.4, na zama zake zikafifia mwanzoni mwa miaka ya 1970 kutokana na gharama za bima, sheria za moshi na mgogoro wa mafuta wa 1973. Kwa mtu atakayetumia mafundi tofauti, Chevelle ina faida moja kubwa: bodi yake imekalishwa juu ya chesisi inayojitegemea, hivyo bodi inaweza kwenda kwa fundi mmoja na chesisi ikaenda kwa mwingine. Mustang haikupi nafasi hiyo, kwa kuwa bodi na chesisi yake ni kitu kimoja, na Camaro ya miaka hiyo ina chesisi fupi ya mbele tu.

Kabla ya kumwita fundi yeyote, jiridhishe kuhusu ulichonunua. Namba ya utambulisho ya Chevelle ya 1969 ina tarakimu na herufi 13, na unaisoma kupitia kioo cha mbele, juu ya dashibodi upande wa dereva. Ikianza na 136379, maana yake ni Chevrolet, Malibu ya V8, kupe ya milango miwili, ya mwaka 1969. Herufi inayofuata ni ya kiwanda, kwa mfano K kwa Kansas City au B kwa Baltimore. Tatizo ni kwamba namba hiyo haikwambii kama gari lilitoka kiwandani likiwa SS 396, yaani toleo la kimichezo (Super Sport) lenye injini kubwa. Kuanzia 1966 hadi 1968 gari la SS lilikuwa na namba yake inayoanza na 138, lakini mwaka 1969 SS ikageuzwa kuwa nyongeza ambayo mnunuzi aliiagiza, na tangu hapo Malibu za kawaida nyingi zimebandikwa nembo za SS na kuuzwa kwa bei isiyo yake. Linganisha mwisho wa namba ya gari na namba iliyogongwa kwenye bloku ya injini na kwenye giaboksi, na utakaposhusha tangi la mafuta, tazama juu yake polepole, kwani karatasi ya kiwandani ya maagizo ya gari mara nyingine bado imenasa hapo. Yangu ni Malibu ya kawaida iliyozaliwa na injini ya inchi za ujazo 307 yenye nguvu za farasi 200, na sikuona sababu ya kuivalisha cheo cha watu.

Bamba lenyewe la namba ya utambulisho limeshikwa na ribiti mbili zenye umbo la ua. Mwambie fundi bodi na mpiga rangi, tena kwa maandishi, kwamba bamba hilo lisiguswe. Kuliondoa au kulibadilisha kunaweza kuwa kosa la jinai, na gari lenye ribiti za kawaida mahali hapo litatiliwa shaka na kila mnunuzi anayejua anachokitazama.

Kutu ndiyo itakayokula fedha zako. Katika majimbo ya kaskazini kama Ohio na Michigan barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi ili kuyeyusha barafu, na chumvi hiyo hujikusanya ndani ya chesisi na nyuma ya magurudumu, mahali ambapo jicho halifiki. Piga magoti nyuma ya gurudumu la nyuma, upitishe sumaku ndogo kwenye ncha ya chini ya bati la ubavuni. Inapong'ang'ania pana chuma. Inapoteleza na kuanguka, pana puti nene iliyofunika tundu. Kisha nenda kwenye kioo cha nyuma. Chini ya ule ukanda unaong'aa unaokizunguka, maji hutuama miaka na miaka, hutoboa bati na kudondokea ndani ya buti, kwa hiyo sakafu ya buti yenye michirizi ya rangi ya chai inakupa habari za kioo kabla hujakigusa. Gari la kutoka Arizona au New Mexico litakuwa na viti vilivyopasuka na dashibodi iliyokaushwa na jua, lakini bati lake huwa zima zaidi, na mimi ningelipia lori la kulisafirisha kutoka huko kuliko kununua la jirani lenye sakafu ya viraka.

Mpaka wa kwanza wenye hatari ni kati ya karakana ya kupiga mchanga, inayobandua rangi na kutu kwa mchanga unaorushwa kwa hewa, na fundi bodi. Chesisi inastahimili mchanga mkali, lakini boneti, paa na milango ni bati pana na jembamba ambalo hujikunja likipigwa kwa nguvu, na likishajikunja hakuna fundi atakayelinyoosha likawa kama awali bila puti nyingi. Kwa bati la nje agiza dawa ya kubandua rangi au chembe laini za plastiki. Wengine hutumia magadi, nayo hayakunji bati, ila yasiposuuzwa vizuri huacha unga unaozuia rangi kushika. Zaidi ya hayo, chuma kilichobaki uchi katika kiangazi chenye unyevu cha huku huanza kutu ndani ya saa chache. Panga basi mapema nani atapaka praima ya epoksi siku ileile. Kama karakana ya mchanga ina uwezo wa kuipaka, walipe wao, na jina la praima hiyo liandikwe kwenye risiti, kwa kuwa mpiga rangi atakataa, na kwa haki kabisa, kuweka rangi yake juu ya kitu asichokijua.

Kama sakafu na vizingiti vya milango vimeoza, bodi isinyanyuliwe kutoka kwenye chesisi kabla ya kuchomelewa vyuma vya kushikilia ndani ya matundu ya milango. Bodi ya Chevelle ikikosa vizingiti imara huweza kulegea katikati, na baada ya hapo milango haitafunga sawasawa kamwe. Kwa sababu hiyohiyo fundi anayejua kazi hukata upande mmoja, akachomelea bati jipya, ndipo akahamia upande wa pili. Mabati mapya ya kuiga yanapatikana kwa wingi kwa sababu magari haya yana wapenzi wengi, lakini mengi yanahitaji kukatwa na kukunjwa kabla ya kukaa. Madigadi ya asili yaliyotolewa kwenye gari la jangwani, hata yakiwa na mbonyeo, kwa maoni yangu ni bora kuliko mapya.

Jambo ninalosisitiza kuliko yote ni hili: gari zima lifungwe kwa majaribio kabla halijapakwa rangi. Milango, boneti, buti, bampa, taa na mipira mipya ya milango vyote vikae mahali pake. Mpira mpya ni mnene, na husukuma mlango nje kiasi cha kuharibu mstari wa bodi ambao bila mpira ulikuwa umenyooka kama uzi. Fundi bodi hupenda kukuonyesha mapengo ya milango kabla ya mipira kuwekwa, kisha mpira unapofungwa baada ya rangi, kila mmoja anamtazama mwenzake. Weka katika makubaliano kwamba malipo ya mwisho ya kazi ya bodi yatatolewa baada ya kukagua mapengo mipira ikiwa ndani, na mpiga rangi awepo siku hiyo ili akubali kwa mdomo wake kwamba anapokea bodi iliyo sawa. Rangi yenyewe si ngumu kuamua: bamba dogo kwenye ukuta wa chumba cha injini lina namba ya rangi ya kiwandani, kwa mfano 57, ambayo ni kijani kilichoitwa Fathom Green.

Kwa injini, tafuta karakana ya kuchonga injini inayojua V8 za zamani, nayo ifanye kazi nzima hadi mwisho. Bloku ioshwe, ipimwe nyufa kwa njia ya sumaku, na pistoni mpya zinunuliwe kabla ya silinda kuchongwa, ili fundi azipime na kuchonga kila silinda kulingana na pistoni yake. Ovasaizi ya kawaida, yaani kiasi ambacho silinda hupanuliwa, ni inchi 0.030. Maadamu silinda hedi zimefunguliwa, fungisha viti vigumu vya valvu za kutolea moshi. Injini hizi zilitegemea madini ya risasi yaliyokuwa ndani ya petroli kulinda viti hivyo, na petroli yenye risasi ilipigwa marufuku kwa magari ya barabarani nchini Marekani kuanzia tarehe 1 Januari 1996. Petroli ya leo mara nyingi huwa na ethanoli pia, ambayo huozesha mipira ya zamani, kwa hiyo mabomba yote ya mpira kutoka tangini hadi kwenye kabureta yabadilishwe. Ukitaka nguvu zaidi, injini ya 350 inaingia mahali pa ile ya 307 bila shida. Funga bloku ya asili kwa mafuta na plastiki uihifadhi, kwa kuwa namba yake ni sehemu ya thamani ya gari.

Kamshafti, yaani mhimili unaofungua valvu, ikiwa ni ya aina ya zamani ambayo tapeti zake (vipande inavyovisukuma) hazina roli, inaweza kufa katika dakika za kwanza za maisha yake. Inahitaji mafuta yenye zinki ya kutosha, na mara injini inapowaka ishikiliwe kwenye mizunguko zaidi ya 2,000 kwa dakika kwa muda wa dakika 20 hivi, bila kuachwa kunguruma polepole. Hapa tena swali ni nani atawajibika. Injini ikiwashwa mara ya kwanza ndani ya gari na fundi mwingine, na kamshafti ikalika, karakana ya injini itasema uwashaji ulikuwa mbaya. Lipa zaidi kidogo waiwashe wao kwenye mashine yao ya kupimia nguvu, ukiwepo, kisha wakukabidhi injini inayofanya kazi.

Mengine ni mepesi. Wayaringi nunua mpya nzima, usiungeunge ya zamani. Kromu ni ghali na karakana zake zimepungua, hivyo peleka bampa mapema, kwani foleni ni ndefu. Viti vishonwe mwisho. Breki za ngoma za mbele zibadilishwe ziwe za diski, na vumbi la breki za zamani lisipulizwe kwa hewa, kwa kuwa linaweza kuwa na asbesto.

Kuhusu fedha, lipa kwa hatua zilizokamilika na kupigwa picha, wala usilipe kwa ahadi ya tarehe. Hati ya umiliki iwe kwa jina lako kabla gari halijaingia karakana yoyote, maana katika majimbo mengi karakana ina haki ya kuzuia gari mpaka bili ilipwe, na ugomvi wa bili ni mgumu zaidi kwa mtu asiye na hati. Vipuri vilivyofunguliwa vikae kwako, ndani ya mifuko yenye majina, na kila fundi apewe vile tu anavyohitaji kwa hatua yake. Tafuta pia bima ya thamani iliyokubaliwa, inayofunika gari hata likiwa vipande vipande, kwa sababu bima ya kawaida italihesabu kuwa ni gari kuukuu.

Gari likishafungwa, bushi za mikono inayoshika magurudumu ya mbele zikazwe likiwa limesimama kwa magurudumu yake, si likiwa juu ya jeki. Mpangilio wa magurudumu ufanywe kwanza kwa kukadiria, na ule wa mwisho usubiri springi mpya zikae baada ya maili mia chache.