Krismasi nyumbani: usiende kula sikukuu tu, nenda ukakae

Mkuu, bandiko lako nimelisoma mara mbili. Unasema nauli ya watu watano kutoka Dar hadi Moshi na kurudi inakumaliza, shemeji amechoka, watoto wanalalamika kijijini kunaboa, hivyo mwaka huu unataka kutuma hela ya mbuzi na mchele, ninyi mle Krismasi yenu huku mjini. Unauliza kama kuna ubaya. Wengi wamekujibu kwa kukushambulia, mimi sitafanya hivyo. Nitakueleza yaliyonipata, mtu wa Marangu niliyeishi Dar miaka ishirini na kitu, kisha utaamua mwenyewe.

Kwa miaka mingi nilikuwa naenda kama wengi tunavyoenda. Natoka Dar tarehe 23 usiku au 24 alfajiri, foleni kuanzia Kibaha, Chalinze mkiwa mmechoka, Segera mmeshanuniana, Same joto linawachoma. Mnafika Himo jua limezama, mnapandisha mlima watoto wamelala. Kesho yake kanisani, mbuzi, mbege, wageni, vijana wa rika langu kunipigia simu nishuke pale njia panda. Tarehe 26 mchana nimeshaanza kukagua matairi. Tarehe 27 tupo njiani. Siku tatu, na katika hizo tatu sidhani kama mama nilikaa naye hata saa moja bila mtu mwingine kuwepo. Yeye yuko jikoni, mimi niko nje na wanaume.

Na kuna mwaka sikwenda kabisa. Nilituma hela. Nakumbuka nilijisikia vizuri, tena nilituma nyingi kuliko ambazo ningetumia kwa safari. Kwa hiyo hilo wazo lako nalifahamu.

Sasa mwaka 2021 nilikuwa nimetuma hela ya kubadilisha bati za nyumba ya mama. Nilizituma kwa mdogo wangu, kitinda mimba wetu, ambaye kwa desturi yetu ndiye amebaki na nyumba ya wazazi kihambani, yaani kwenye shamba la migomba la ukoo. Nafika tarehe 24 nakuta bati ni zile zile zenye kutu. Niliwaka. Nilimsema mdogo wangu mbele ya mke wake, usiku wa mkesha, watu wanajiandaa kwenda kanisani. Hakujibu neno. Mama naye hakusema neno. Nikalitafsiri kuwa ni hatia. Tukarudi Dar, na kwa karibu mwaka mzima nikawa naongea na mama tu, mdogo wangu simpigii.

Mwaka 2022 likizo yangu ikaangukia vizuri, mke wangu akasema twende mapema, tukae wiki mbili. Tulifika Jumamosi tarehe 17. Kesho yake ilikuwa Jumapili ya nne ya Majilio. Tukaenda ibadani kwa miguu, mama mbele, watoto wanaruka mfereji huku na huko. Nikakaa pembeni yake, kitu ambacho sijui mara ya mwisho nilikifanya lini, maana Krismasi kanisa hufurika, wanaume wengi tunaishia kusimama nje. Mchungaji akataja wimbo, mama akafungua kitabu, akaimba vizuri, beti zote. Mimi nikachungulia kitabu chake ili nifuatishe. Kilikuwa kimefunguliwa kwenye nyimbo za mazishi.

Sikusema kitu pale. Njiani nikamuuliza kwa utani. Akanijibu, "Nyimbo nazijua tangu usichana wangu, kitabu nakishika kwa heshima." Akabadilisha mazungumzo.

Siku ya nne sina la kufanya, nikamfuata mdogo wangu kukata majani ya ng'ombe. Hatukuwa tunaongea sana. Tumeinama na panga zetu, ndipo akaniambia bila kunitazama: mama macho yote mawili yana mtoto wa jicho, haoni maandishi, jioni anapapasa ukuta kwenda jikoni. Hela ya bati alitumia kumpeleka hospitali mjini Moshi mara tatu, vipimo, dawa, na gari la kukodi maana kwenye daladala mama alishaanguka akishuka. Mama alimkataza kabisa asiniambie. Alisema nina mzigo wa ada za watoto, nikisikia nitakopa.

Mkuu, mimi nilisimama pale na lile panga mkononi nikakumbuka kila neno nililomwambia huyu kijana usiku wa mkesha.

Wachagga wenzangu mnajua kinachofuata. Jioni ile nilikwenda kwenye kaburi la baba, pale chini ya migomba, nikakata jani la sale. Kwa msiofahamu: sale ndilo jani tulilopanda kwenye mipaka ya vihamba na makaburini, na mtu akikujia nalo mkononi anaomba msamaha. Kumkataa ni jambo zito sana kwetu. Nilimpelekea mdogo wangu mbele ya mama, mke wangu na watoto wote. Wanangu walikuwa hawajawahi kumwona baba yao akimwomba mtu msamaha. Akalipokea. Mama akaomba kwa Kichagga, akimtaja Ruwa, yaani Mungu, kwa namna ambayo hata tafsiri yake siiwezi, sala ndefu, ugali ukapoa na hakuna aliyejali. Usiku ule ndio Krismasi yangu ninayoikumbuka kuliko zote, na ilikuwa tarehe 20 tu.

Siku tano zilizobaki tuliishi tofauti. Tulisali jioni kila siku, watoto wakisoma kwa zamu Luka sura ya pili, vipande vidogo vidogo ili ifike mpaka tarehe 25. Binti yangu alipofika pale penye "Watu wote wakaenda kuandikwa, kila mtu mjini kwao," akauliza kama Yusufu naye alikuwa na foleni ya Chalinze. Mama alicheka mpaka akafuta machozi. Akaanza kuwasimulia jinsi babu yao alivyobatizwa, na kwamba Walutheri wa kwanza walifika mlimani 1893, wakaanzia Machame kabla ya kufika kwetu Marangu. Mimi mwenyewe habari za ubatizo wa baba yangu nilizisikia siku ile nikiwa na miaka arobaini na mitano.

Krismasi yenyewe mama alitoa mkungu wa mshare, aina ya ndizi za kwetu, kama sadaka. Baada ya ibada kuna mnada wa sadaka nje ya kanisa, na mwanangu wa kiume alinunua jogoo kwa hela yake aliyoidunduliza, akakataa tusimchinje. Yule jogoo bado anamuulizia kila tukipiga simu. Huyo ndiye mtoto aliyekuwa analalamika kijijini hakuna mtandao.

Februari 2023 mama alifanyiwa upasuaji wa jicho la kwanza, baadaye la pili. Aliyelala naye hospitali ni mdogo wangu, mimi nilichangia hela. Safari hii nilijua hela yangu inakwenda wapi na nani anaibeba.

Sasa kuhusu hesabu zako. Nauli ni kweli inauma, na kuna mwaka wakala alinitoza zaidi ya bei iliyoandikwa kwenye tiketi yenyewe, nikalipa kwa sababu ilikuwa tarehe 23 na sikuwa na pa kukimbilia. Tatizo ni hizo tarehe. Kata tiketi Novemba, safiri kabla ya tarehe 20. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kusafiri usiku mwaka 2023, mnaweza kuondoka jioni watoto wakalala njiani, mkaepuka joto la Same. Mkishindwa wote watano kukaa wiki mbili, wewe tangulia na watoto, shemeji aje na likizo yake. Punguza kwenye sherehe. Kwetu tuliacha kuchinja mbuzi wawili, tukachinja mmoja, na kreti za bia tukaziondoa kwenye bajeti kabisa. Hakuna aliyekufa njaa. Machalari ya mama (ndizi na nyama) na kiburu (ndizi na maharage) vilitosha, na shemeji atakushukuru maana wanawake ndio wanaoumia jikoni tunapoita kijiji kizima. Sisi siku hizi wanaume tunaosha vyombo tarehe 25. Wazee walishangaa mwaka wa kwanza tu.

Ukifika usikimbilie njia panda. Siku mbili za mwanzo wote mtakuwa wageni, mtaulizana habari za safari na bei ya vitu. Mambo yenyewe huanza kutoka siku ya tatu, ya nne, mkiwa mnamenya ndizi au mnakata majani. Kaa kanisani karibu na mama yako. Shika naye kitabu kimoja.

Kuna sentensi moja kwenye bandiko lako imenifanya niandike haya yote. Umesema hata mama yako mwenyewe hana shida, kila ukipiga simu anakwambia, "Sisi hatujambo, msihangaike." Mama yangu aliniambia maneno hayo hayo kila Jumapili kwa miaka miwili, na siku zote hizo alikuwa anapapasa ukuta kwenda jikoni.