Diski kubwa au SSD ndogo?

SWALI: Mambo vipi fundi, mi nina kisteshenari Mbagala, nachapa barua, CV na kujaza fomu za watu mtandaoni. Kariakoo nimeonyeshwa kompyuta mbili za mtumba, Dell OptiPlex, zote laki nne na nusu, RAM GB 8. Moja ina prosesa i5-6500 na hadi diski (hard disk) ya TB 1, nyingine i5-8500 na SSD ya GB 256. Muuzaji anasema nibebe yenye diski kubwa, nimsikilize?

JIBU: Poa dada. Hapana, huyo anamaliza stoo yake tu. Hadi diski ina sahani inazunguka na kichwa kinatembea kutafuta faili, ndo maana unawasha halafu mteja anakutolea macho na flashi mkononi, SSD nayo inatunza faili ila haina hayo mambo, inafungua chap. Na prosesa nayo, yani ubongo wa kompyuta, iyo namba ya kwanza baada ya kistari ndo kizazi, yani 6500 ni cha sita, 8500 cha nane, na Windows 11 rasmi haikubali cha sita, wakati Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia kawaida tangu 14 Oktoba 2025. Kwa CV na fomu GB 256 utaimaliza lini? Ikijaa unaongeza hadi diski ya mtumba baadae. Ila usitoe hela kabla haijawashwa mbele yako, fungua Task Manager sehemu ya Performance uone imeandika SSD kweli, maana maneno ya dukani mengi, na angalia saa kama iko sawa, ikiwa imerudi nyuma miaka dai hapohapo betri mpya ya ubaoni, ile ndogo ya ndani inayotunza saa.