Jibu: Vilima vya ng'ambo ya ziwa
Ndugu, umeuliza kwa nini vilima vya ng'ambo kwenye mchoro wako vinaonekana kama vimebandikwa. Umevipaka kijani kizito kilekile cha miti iliyo karibu, ya Capri Point, mtaa wa Mwanza ulio kando ya Ziwa Victoria. Hewa ya ziwani, yenye unyevu, hutawanya mwanga. Kitu cha mbali hufifia, huelekea buluu, na kingo zake hulainika. Rangi nzito ziachie mawe ya mbele, Jiwe la Bismarck likiwemo.

Na tafadhali, picha ya simu iweke kando kwanza! Turner, mchoraji wa Uingereza, mara nyingi alichora kwa penseli safarini, rangi akapaka baadaye kwa kukumbuka. Jaribu hivyo kwenye kivuko cha Kamanga: chora harakaharaka, andika pembeni rangi ulizoona, kisha upake nyumbani.